Haifungiki au inafunguka?

Hotuba kwa walimu, wazazi na madereva, Malaba, upande wa Uganda

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi madereva mlioacha malori kwenye foleni mkaja kusikiliza habari za sarufi: hamjambo?

Nimewasikia. Wa mbele mmesema "hatujambo". Wa nyuma, hasa vijana, mmesema "jambo". Siwakemei. Sisi Uganda salamu hii tuliipokea ikiwa imekatwa kichwa. Askari wa getini "jambo", muuza chapati "jambo", mpaka wageni wanaoshuka kwenye basi wanafundishwa "jambo". Mtu wa Pwani akitusikia anacheka chini kwa chini, maana kichwa tulichokikata ndicho kilichobeba salamu. Jambo ni shauri, ni kitu kilichompata mtu. "Hujambo?" ni kumuuliza mwenzako kama hana la kumsumbua, naye anajibu kwamba hana. Kwa hiyo salamu yetu kubwa ni ukanushi unaojibiwa kwa ukanushi, na wewe unayeniambia "jambo" umenitupia shauri mlangoni ukaenda zako.

Nimeanzia hapo kwa sababu mmeniita nizungumzie vile vipande vidogo, viambishi kwa jina lao la sarufi, vinavyokaa mbele ya maneno ya Kiingereza na kuyakana: "un-", "in-", "dis-", "non-" na ndugu zao. Wengi wenu mnadhani hilo ni somo la Waingereza. Mimi nasema tumelala nalo kitanda kimoja tangu utotoni.

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari ya P6, darasa la sita la msingi. Swali lilikuwa lile mnalolijua, toa kinyume cha maneno haya. Kwenye "polite" mtoto ameandika "unpolite". Kwenye "possible" ameandika "dispossible". Kwenye "honest", "inhonest". Chini kabisa kulikuwa na "tie", naye akaandika "not tie". Nikapiga mkasi mwekundu mara nne, kisha nikabaki naitazama ile ya nne. Zile tatu za juu mtoto amekosea nguo tu: amejua neno linataka kuvikwa ukanushi, akachukua shati la jirani. Ya nne amekosea jambo lenyewe. "Untie" si kutofunga. Ng'ombe ambaye hujamfunga na ng'ombe uliyemfungua wote wako huru kondeni, lakini mmoja ana alama ya kamba mguuni.

Na yule mtoto anajua hilo vizuri sana. Mwambie kwa Kiswahili, "fungua mbuzi," hatasimama akakunja mikono na kusema, "Haya, simfungi." Atakwenda kwenye kigingi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kukana ni kitu kimoja, kutendua ni kitu kingine. Kiingereza kina "un-" mbili zilizovaa sare moja. Ya kwanza inakana: "unhappy", "unfair", "unclean". Hiyo ni ndugu wa damu wa "in-" ya Kilatini na "a-" ya Kigiriki, zote zimetoka kwa babu mmoja wa kale. Ya pili inarudisha nyuma kitendo kilichokwisha kufanyika: "untie", "unlock", "undress", "unload". Asili yake ni neno jingine kabisa la Kiingereza cha kale, lenye maana ya kuelekea upande wa pili, dhidi ya. Neno hilo bado limejificha ndani ya "answer", ambalo zamani lilikuwa kuapa dhidi ya aliyekushtaki. Baada ya karne nyingi matamshi yao yakafanana, na leo mtoto wa P6 anayaona ni mapacha.

Ukitaka kuwatenganisha, tazama walichokamata. "Un-" ikikamata sifa, inakana. Ikikamata kitenzi, inatendua. Kanuni hii ina matundu yake, lakini inakufikisha mbali kuliko orodha ya maneno hamsini yaliyobandikwa ukutani.

Sasa tazameni utajiri wetu. Walimu wa Kiswahili wanaiita kauli ya kutendua, na sisi tunaitumia bila kujua jina lake: funga, fungua. Vaa, vua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Fukia, fukua. Anika, anua. Pakia, pakua. Umba, umbua, na hapo nawaomba msimame kidogo, maana aliyemwumbua mwenzake amejaribu kubomoa kilichoumbwa. Tata, tatua: uzi umejitata, unautatua, na leo tunatatua hata hesabu. Luganda nacho kimekaa hivyo hivyo, kuggala na kuggula mlango, kubikka na kubikkula chungu. Wenzangu mnaozungumza Ateso na Dhopadhola, lugha zenu zina njia zake, nisijifanye mjuzi. Lakini Kiswahili cha sokoni tunacho sote humu.

Onyo dogo. Si kila "-ua" inatendua. Kununua si kutendua kununa, ingawa waume waliomo humu wanajua kwamba mkeo akinuna, mara nyingine ukinunua ananunuka. Neno hilo la mwisho nimelitunga, msiliandike kwenye mtihani.

Kuna neno moja la Kiingereza linalowatesa hata wenye lugha yao, nalo ni "unlockable". Shika kufuli mkononi. Mtu akikuambia kufuli hii ni "unlockable", amekuambia nini? Anaweza kuwa anasema ni mbovu, haifungiki. Anaweza pia kuwa anasema usihangaike kuivunja, inafunguka. Herufi ni zile zile, matamshi ni yale yale. Kinachotofautisha ni kipande kipi kilitangulia kupachikwa: ulianza na "lockable" ukaikana, au ulianza na "unlock" ukaiongezea uwezekano? "Undoable" nayo ni hivyo hivyo, kazi isiyofanyika au kazi inayoweza kutenduliwa. Wanaisimu wa Ulaya na Marekani wamechora michoro mingi ya matawi kueleza jambo hili kwa wanafunzi wao.

Dereva wa Malaba hahitaji mchoro. Anasema "haifungiki" au anasema "inafunguka", basi. Kwetu kukana tunakuweka mbele ya kitenzi na kutendua tunakuweka nyuma ya mzizi, kwa hiyo haviwezi kugongana mlangoni. Kiingereza kimevipitisha vyote mlango mmoja wa mbele, na msongamano huo ndio unaowapotezea watoto wetu alama.

Ndiyo maana nina neno na walimu wa P4. Mtaala ulioanza 2007 unasema mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani P1 mpaka P3, halafu P4 ndio mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Tunavuka vibaya. Tunamwambia mtoto aiache lugha yake ng'ambo kama mtu anayeacha viatu msikitini. Mwacheni avuke nayo. Siku mnayofundisha "unbutton", mwiteni mtoto mwenye sweta mbele ya darasa. Afunge vifungo, kisha afungue. Halafu mwambieni mtoto wa pili asifunge kabisa. Waulizeni wengine: yupi ame-"unbutton"? Hakuna atakayekosa, na hamjatumia hata chaki.

Turudi kwenye Kilatini, maana huko ndiko kwenye hatari ya kweli, tena iko hapa nje.

Tokeni ukumbini mtembee mpaka kituo cha mpaka. Someni mabango na mihuri njiani. Kuna "immigration". Kuna "import". Kuna "inspection". Kuna "insurance". Karatasi ya mtu fulani imegongwa "invalid", na mzigo wa mwingine umeitwa "illegal". Yote hayo yameanza na "i" ile ile, lakini yanayokana ni mawili tu, ya mwisho. Kilatini nacho kilikuwa na "in-" mbili. Moja ni ya kukana, nyingine ni ya kuingia ndani, ile "katika". "Import" ni kubeba kuingiza ndani. "Immigration" ni kuhamia ndani, ingawa ukiiona foleni ya Ijumaa jioni unaweza kudhani maana yake ni kutohama.

Sasa njooni kwenye matangi. Mafuta yetu mengi yanapakiwa Eldoret na Kisumu, yanapita hapa usiku na mchana kwenda Kampala. Matangi mengine yameandikwa mgongoni "highly flammable", mengine "highly inflammable". Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta utingo mmoja, tanboi kama tunavyomwita huku, ameegemea tangi la petroli na sigara mkononi. Nilikuwa nimemfundisha. Nikampigia kelele. Akaizima taratibu kwa soli ya kandambili, akanionyesha maandishi nyuma yangu. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? 'Complete', 'incomplete'. 'Correct', 'incorrect'. Hii ni 'inflammable'. Haiwaki." Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananitania. Nilirudi nyumbani magoti yakinitetemeka, kwa sababu kwa kanuni niliyomfundisha, hesabu yake ilikuwa sahihi.

"Inflammable" maana yake ni kitu kinachoshika moto haraka. Hiyo "in-" ni ile ya kuingia ndani: kutia moto ndani ya kitu, kuwasha. Haikani chochote. Waliokuja kuogopa neno hilo si washairi, ni watu wa zimamoto na bima. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kilianza kuhimiza watu waandike "flammable", neno fupi ambalo hakuna awezaye kulisoma kinyume. Uingereza, shirika la viwango la nchi hiyo likatoa msimamo kama huo 1959. Siku hizi alama ya kimataifa ya mizigo ya hatari, ile almasi nyekundu yenye ndimi za moto, inaandikwa "flammable", na kwenye baadhi ya matangi mnaona namba 1203, ambayo ni namba ya petroli popote duniani. Namba haina kiambishi. Niliwahi kumwambia dereva mmoja hivyo akanijibu kwamba ndiyo maana yeye hasomi Kiingereza, anasoma namba.

Sisemi kwamba neno ndilo linalochoma watu. Namungoona, pale Kampala, Juni 2013, tangi lilipopata ajali watu waliokwenda kuteka petroli iliyomwagika walijua kabisa kwamba inawaka, na zaidi ya watu 30 walikufa. Pale hakuna sarufi ambayo ingewazuia.

Lakini kuna Mmarekani mmoja aliyefikiri sana juu ya maneno na moto, aitwaye Benjamin Lee Whorf. Alikuwa mwanaisimu, ila mshahara wake ulitoka kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, alikofanya kazi mpaka alipofariki 1941. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mioto ilivyoanza. Akaona jambo la ajabu. Penye mapipa ya petroli yaliyojaa, watu walikuwa waangalifu. Penye mapipa yaliyoitwa matupu, walivuta sigara na kutupa vichungi. Pipa tupu la petroli ni la hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Neno "tupu" liliwaambia kwamba hakuna kitu. Akina mama mnaouza mafuta ya taa rejareja, mna madumu mangapi "matupu" chini ya meza pale sokoni? Kukosekana kwa petroli unayoiona si kukosekana kwa petroli.

Samahani, nimetoka njiani. Narudi.

Mzazi mmoja aliniandikia kuuliza kwa nini Kiingereza kinabadilisha sura: "in-" kwenye "incorrect", "im-" kwenye "impossible", "il-" kwenye "illegal", "ir-" kwenye "irregular". Akasema ni ukoloni wa kuwachosha watoto. Hapana, ni uvivu wa midomo, na sisi tunao uvivu huo huo. Tunasema mtu mrefu, lakini nyumba ndefu. Ukuta mbaya, na nyumba mbaya pia, hatusemi "nbaya" kwa sababu midomo imekwisha kujiandaa kufumba kwa ajili ya "b" na inaivuta "n" iwe "m". Ulimi mmoja, ndimi mbili. Mwambieni mtoto aseme "inpossible" haraka mara tano, ya tano itatoka "impossible" yenyewe. Shida ya kweli iko kwa watoto wa Kampala, maana kwenye Luganda "l" na "r" ni sauti moja yenye nguo mbili, "r" huandikwa baada ya "e" na "i" tu. Kwa hiyo mtoto anayekosea kati ya "il-" na "ir-" hajazembea. Sikio lake limelelewa hivyo. Msimchape.

Sasa majina. Humu ndani nina hakika kuna Immaculate zaidi ya mmoja. Nyosheni mikono. Wanne! Na Innocent? Watatu, mmoja simwamini. Uganda tumebatiza watoto wetu kwa viambishi vya kukana bila kujua. "Macula" ni doa kwa Kilatini, Immaculate ni asiye na doa. "Innocent" imetoka kwenye kitenzi cha kudhuru, ni asiyedhuru. Katiba yetu, ibara ya 28, inasema mshtakiwa achukuliwe kuwa "innocent" mpaka ithibitishwe vinginevyo au akiri mwenyewe. Yaani kila mtu akiingia mahakamani anapewa jina la ubatizo la yule kijana pale nyuma.

Halafu Immanuel. Mwanafunzi wangu mmoja alinyosha kidole akauliza, kama Immaculate ni asiye na doa, Immanuel ni asiye na nini? Darasa lilikaa kimya, wakinitazama. Immanuel ni Kiebrania, Mungu pamoja nasi. Hakuna kinachokanwa pale. Ukikata hiyo "im-" ukidhani unapata kinyume, unabaki na "manuel" na Mungu amekwenda zake. Na Irene ni Kigiriki, amani, asije mtu akasema ni "ir-" iliyokana "ene".

Lakini kuna majina mawili ambayo kila tarehe 3 Juni tunayataja kwa sauti, na sijamsikia mtu akiyafungua. Miongoni mwa mashahidi wa Uganda waliouawa 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, yumo Athanasius Bazzekuketta, aliyekatwakatwa Nakivubo kabla ya kufika Namugongo, na yumo Ambrose Kibuuka, aliyechomwa Namugongo. Athanasius ni Kigiriki: "a-" ya kukana, na "thanatos", kifo. Asiyekufa. Ambrose nalo limeanza na "a-" ile ile, mbele ya neno la mwenye kufa. Asiyekufa pia. Vijana wawili wa kasri la Kabaka, wote wamepewa ubatizoni jina la kukana kifo, wakauawa siku chache tu mmoja baada ya mwingine. Walitangazwa watakatifu 1964, na mahujaji wanatembea kwa miguu mpaka Namugongo kila mwaka. Mimi ni Mwislamu, lakini nilipoligundua hilo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Hiyo "a-" ya Kigiriki iko pia kwenye neno linalotuhusu sisi kama nchi. "Asylum". Tunalijua kama hifadhi ya mkimbizi, na nchi yetu ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi mkiwasikia kwenye makazi yao ya Nakivale na Kyangwali wakizungumza Kiswahili cha Kongo kitamu kuliko chetu. Sehemu ya pili ya neno hilo ilikuwa haki ya kumkamata mtu na kuchukua kilicho chake. Mbele yake ikawekwa "a-". Mahali pasipo haki ya kumkamata mtu. Mkimbizi aliyeingia hekaluni hakuweza kuburutwa nje. Neno halisemi kwamba atapewa chakula au shamba. Linasema tu hakuna atakayemkamata hapo. Nikiwaona watu wanapokelewa wakiwa na godoro kichwani, huwa naona ukanushi huo mdogo unatosha kwa siku ya kwanza.

Mengine nayapitia mbio. "Infant" ni asiyesema, ndiyo maana mtoto mchanga. Kutoka hapo, kupitia Kiitalia, ikaja "infantry", askari wa miguu, waliokuwa vijana. Afande uliye pale mlangoni, kwa asili ya neno wewe ni mtu asiyesema, na kwa kweli hujasema neno tangu asubuhi. "Enemy" imetoka kwenye Kilatini cha "asiye rafiki". Hilo silipendi. Wengi hapa Malaba si rafiki zangu, wala si adui zangu. Wananiuzia nyanya tu. Lugha iliyopitisha neno kutoka "si rafiki" mpaka "adui" imeruka hatua nyingi hapo katikati.

Niwape mkasa mmoja wa jirani yangu, fundi umeme. Alimaliza mkataba wa miaka miwili na kampuni moja akapewa barua ya kumsifu. Jioni akaja kwangu, barua ameikunja ikawa ndogo kama karatasi ya njugu. "Mwalimu, miaka miwili nimepanda nguzo zao, leo wanasema sina thamani." Nikaisoma. Imeandikwa kwamba kazi yake ilikuwa "invaluable". Nikamwambia akae. Hiyo "in-" ni ya kukana kweli, lakini inachokikana ni uwezekano wa kupima: thamani yake haikadiriki, haisemeki. Tusi lingekuwa "worthless". Na "priceless", asiye na bei, nalo ni sifa. Alikaa kimya, kisha akaikunja tena. Hapana, akaikunjua. Mnaona, ile "-ua" imerudi. Akailaza juu ya goti akaanza kuinyoosha kwa kiganja, mkunjo mmoja mmoja, na ile mikunjo haikutoka yote. Mpaka sasa anaionyesha kwa waajiri ikiwa na mistari.

Kuna jozi nyingine inayoleta fitina kwenye vikao vya ardhi. Msuluhishi anatakiwa awe "disinterested", asiye na maslahi upande wowote. Akiwa "uninterested", hajali, anatazama saa. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, karani aliandika kwamba mzee aliyesuluhisha alikuwa "uninterested", na mzee yule alikuwa amekaa juani toka asubuhi, ametembea mipaka yote ya shamba kwa fimbo yake. Karani asilaumiwe sana, Waingereza wenyewe wameyachanganya maneno hayo kwa karne nyingi.

Na "non-" je? Hiyo ndiyo karani wa forodha miongoni mwa viambishi. Haina chuki wala mapenzi, inaandika tu. Dereva Mkenya aliyesimama pale ni "non-Ugandan", pasipoti yake imesema. Lakini Mganda anayekula mbele ya mgeni bila kumwambia karibu, huyo ndiye "un-Ugandan". Pasipoti anayo. Mwenendo ndio hana.

Nisisahau mchango wetu. "De-" huondoa kitu mahali pake, na magazeti yetu hayachoki kuandika "degazette", yaani kuuvua msitu ulinzi wa sheria, msitu huo unapotaka kuliwa. Lakini fahari yetu ni "detooth". Mnacheka. Waingereza hawana neno hilo kwa maana tunayoijua sisi: binti anayemla kijana pesa mpaka nauli ya boda, kisha hapokei simu. Lilitoka kwenye Luganda, kung'oa magego, likavalishwa kiambishi cha Kilatini likatembea mjini Kampala kama limezaliwa London. Hapo ndipo ninapojua kwamba viambishi hivi tumekwisha kuvielewa. Mtu hawezi kutania kwa kitu asichokielewa.

Mwisho kuna mayatima. "Unkempt" ni mchafu wa nywele, asiyechanwa, lakini lini mmesikia mtu anaitwa "kempt"? "Uncouth" ilikuwa asiyejulikana, mgeni, kisha ikawa mshenzi, na hilo linasema mengi juu ya wanadamu na wageni. "Disgruntled" ndio mkorofi wao, maana "dis-" yake haikani kitu, inazidisha: "gruntle" ya zamani ilikuwa kunung'unika, na hii ni kunung'unika hasa. Wazazi wa maneno haya wamekufa, yamebaki na kiambishi peke yake. Watoto wakiyauliza kinyume, waambieni hayana, kama sisi tulivyo na "si haba" ya kumjibia anayekuuliza hali, wala hakuna anayejibu "haba".

Nimeona mkono wa dereva mwenye kofia nyekundu umenyoshwa tangu tulipokuwa kwenye mapipa. Shusha mkono, ndugu yangu, utachoka. Simama uulize.